Nani aliiua WCHA: Big Ten, au wenyewe kwa wenyewe?

Jirani wa Mankato
Wakuu, naleta swali, tujadili bila kutoana macho. Juni 2019 vyuo saba vya Marekani vilitangaza kujitoa WCHA, ligi ya hoki ya barafu ya vyuo, ili kuifufua ligi nyingine, CCHA, iliyozikwa mwaka 2013: Bemidji State, Bowling Green, Ferris State, Lake Superior State, Michigan Tech, Minnesota State na Northern Michigan. Walioachwa ni Alaska Fairbanks, Alaska Anchorage na Alabama Huntsville. Kanuni ya NCAA, shirika la michezo ya vyuo, mnaijua: ligi isipokuwa na timu sita, bingwa wake haingii moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya timu 16. Kumi ukitoa saba, hesabu imekwisha. WCHA ya wanaume ikacheza msimu wa mwisho 2020-21, na Mei 2021 Huntsville wakafunga timu kwa kukosa ligi ya kuwapokea.

Msimamo wangu: wale saba hawana kosa. Mkosaji ni Big Ten, umoja wa michezo wa vyuo vikubwa. Terry Pegula, yule tajiri wa gesi, alipowapa Penn State zaidi ya dola milioni 100 mwaka 2010, Big Ten ikapata timu ya sita. Hapo hapo Michigan, Michigan State, Ohio State, Minnesota na Wisconsin zikahamishwa kutoka zilikokuwa, na hoki ya magharibi yote ikasambaratika. Mnasemaje?

Hesabu Moja
Mwaka 2010 alitangaza milioni 88. Zilifika 102 baadaye. Na pesa ile haikuwa ya ukumbi peke yake, ilibeba pia ufadhili wa masomo, 18 kwa timu ya wanaume na 18 kwa wanawake, maana hapo ndipo vyuo vingi hukwama. Ukumbi hujengwa mara moja, ufadhili hulipwa kila mwaka.

Kata Kona
Jirani, hebu hesabu vizuri kabla hujalia. Big Ten ilichukua timu MBILI kutoka WCHA. NCHC, ligi nyingine mpya, ilichukua SITA: Colorado College, Denver, Minnesota Duluth, Nebraska Omaha, North Dakota na St. Cloud State. Ikapitia CCHA ikabeba Miami na Western Michigan. Ilitangazwa Julai 2011, miezi michache tu baada ya Big Ten. Hao ndio waliobomoa, tena walikuwa ndani. WCHA ikabaki na Anchorage, Bemidji, Michigan Tech na ninyi wa Mankato (Minnesota State), mkaokota mabaki ya CCHA na Huntsville mkafika kumi. Miaka sita baadaye mkawafanyia wenzenu yale yale mliyofanyiwa.

Ila kwa Huntsville sitoi chozi. Hoki Alabama ya nini? Barafu inataka nchi ya baridi. Ndiyo maana na Arizona State pale jangwani wanateleza kwenye uji.

Sauti ya Tempe
Uji? Mullett Arena, ukumbi wetu wa Arizona State hapa Tempe, imefunguliwa Oktoba 2022, ina viti 5,000, na timu ya NHL, ligi ya kulipwa, ilichezea humo misimu miwili. Wachezaji wanaolipwa mamilioni wangekubali kucheza kwenye uji? Wivu tu huo. NCHC ilitupokea 2024 kwa sababu tuna ukumbi, tuna soko, na tunalipa bili zetu. Wewe unayejua baridi tuambie chuo chako kina taji gani.

Kata Kona
NHL walikuwa humo kwa sababu walikosa pa kulala, usigeuze shida ya mtu kuwa sifa. Nje nyuzi 42, ndani unataka kunidanganya barafu ni sawa na ya miji ya baridi kama Houghton au Grand Forks?

FundiBaridi
Naona mada imepinda, lakini hili siwezi kuliacha lipite. Barafu ya ndani haiutegemei msimu wa nje. Inategemea vitu viwili: mtambo na hewa kavu.

Anzia chini. Udongo ulio chini ya kiwanja unapashwa joto. Ndiyo, unapashwa, kwa mabomba ya majimaji ya uvuguvugu. Usipofanya hivyo baridi inashuka mwaka hadi mwaka, unyevu wa ardhini unaganda, ardhi inavimba, zege inapanda katikati na kupasuka. Ukifika hapo hakuna dawa, unabomoa. Juu ya mabomba hayo kuna kihami joto, halafu zege yenye mabomba mengine yanayopitisha maji ya chumvi ya kalsiamu au glaikoli, nyuzi 7 hadi 9 chini ya sifuri.

Maji hayamwagwi kama unajaza bwawa. Yanapulizwa ukungu kwa ukungu, kila tabaka igande kabla ya nyingine. Zikishika za kwanza, unapaka nyeupe, unaziba kwa maji, unachora mistari na nembo, unaziba tena, kisha unajenga hadi sentimita 2.5 au 3. Kiwanja cha mita 61 kwa 26 kinakula lita 40,000 hadi 50,000 hivi. Ukizidisha unene, mtambo unafanya kazi kubwa bure kwa sababu barafu yenyewe inazuia baridi isifike juu. Ukipunguza, visu vya viatu vinafika kwenye rangi.

Sasa jangwa. Hewa ya Tempe ni kavu karibu mwaka mzima, na adui mkubwa wa barafu ni unyevu kuliko hata joto. Huntsville au Tampa ndiko kwenye kazi: mlango wa mizigo ukiachwa wazi nusu saa, unyevu unaingia, ukungu unatanda, utando wa theluji unakaa juu ya barafu na paki (kile kisahani kinachopigwa) inakwama. Dari nayo inatoa jasho, matone yanadondoka na kuganda vinundu. Tiba yake ni mashine za kukausha hewa na dari yenye utando unaorudisha mionzi ya joto. Kwa hiyo tofauti ya Houghton na Tempe iko kwenye bili ya umeme.

Mtoto wa Likoni
Shehe, hapo umemaliza. Dubai Mall wana kiwanja kikubwa cha barafu na nje huko yai linaiva juu ya lami. Nairobi nako wapo Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, pale hoteli ya Panari, kiwanja kidogo, lakini 2024 Kenya imeingia uanachama wa shirikisho la hoki ya barafu la dunia. Tena wako karibu na mstari wa ikweta! Kata Kona aje aseme huo nao ni uji.

Kata Kona
Sasa mmenihamishia Panari. Mimi nilizungumzia UBORA. Nyuzi ngapi juu ya barafu, fundi? Hukusema.

FundiBaridi
Kwa hoki, 5 chini ya sifuri hivi. Wa kuteleza kwa madaha wanataka 3, laini kidogo ili kisu kishike wanaporuka. Ndiyo maana ukumbi wenye ratiba mchanganyiko kila mara kuna anayelalamika: asubuhi watoto, mchana madaha, jioni hoki, na zege haibadiliki joto kwa dakika kumi.

Na ukitaka kujua ubora, angalia maji ya Zamboni. Mashine inakwangua ngozi ya juu, inaosha mikwaruzo, inamwaga maji ya moto nyuzi 60 hivi. Moto kwa sababu maji ya moto yana hewa kidogo ndani yake na yanayeyusha ngozi ya juu yakaungana nayo. Ukimwaga ya baridi yanaganda kama bandiko, yanabanduka vipande.

Hesabu Moja
Siyo lazima yawe ya moto. Siku hizi kuna kifaa kinazungusha maji kwa kasi hadi hewa itoke, unamwaga ya baridi na barafu inashika. Kila kupitisha Zamboni ni lita 400 na zaidi. Zidisha kwa mara nane kwa siku, bili ya gesi ya kuchemsha maji hayo peke yake inatisha.

FundiBaridi
Kifaa nakijua. Kinafanya kazi pale ambapo mtu anafuatilia kila siku. Maji yenye madini mengi na fundi mvivu, ndani ya mwezi umerudi kwenye moto.

Mama Duluth
Wanaume kwa mitambo, mtakesha. Aliyeuliza aliuliza ligi. Naweka la kwangu mara moja.

Mnasema Big Ten, Big Ten. Upande wa wanawake Big Ten haina ligi ya hoki mpaka leo. Kwa nini? Wenye timu ni Minnesota, Wisconsin, Ohio State na Penn State. Wanne. Michigan na Michigan State, pamoja na utajiri wao, hawana timu ya wanawake ya chuo, wana vilabu tu. Notre Dame aliyeingia 2017 kwa hoki ya wanaume hana vilevile. Matokeo yake WCHA ambayo mnaiandikia tanzia ipo hai kwa wanawake, na ndiyo ligi ngumu kuliko zote: fainali ya 2025 ilikuwa Wisconsin na Ohio State, wote wa WCHA, Wisconsin akashinda 4–3 muda wa nyongeza. Kwa hiyo swali la kweli ni kwa nini kanuni ile ile ya timu sita ilihamisha dunia nzima kwa wanaume, na kwa wanawake hakuna hata mmoja aliyehangaika kutafuta wawili waliopungua. Na ninyi mashabiki wa North Dakota nyamazeni kabisa, mlifuta timu ya wanawake 2017.

Kata Kona
Mama, heshima yako, lakini North Dakota hatukufuta kwa kupenda. Jimbo lilikata bajeti. Na kuogelea kulifutwa siku hiyo hiyo, wanaume na wanawake. Mbona waogeleaji huwataji?

Mama Duluth
Nawataja sasa. Haya, niambie: ukumbi wa Ralph Engelstad wa viti zaidi ya 11,000 ulikosa umeme wa kuwasha taa za wanawake? Mapacha Lamoureux wa timu ya taifa ya Marekani walitoka hapo hapo Grand Forks. Fainali ya Olimpiki ya 2018 mmoja alisawazisha, mwingine akafunga penalti iliyoleta dhahabu. Timu iliyowalea ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ifutwe.

Kata Kona
Umeme hausafirishi timu. Ukumbi ulitolewa na mfadhili, uendeshaji unatoka kwenye mfuko wa chuo. Ni vitu viwili tofauti.

Sauti ya Tempe
Leo umejua uendeshaji ni gharama? Juzi ulisema baridi inatosha.

Jirani wa Mankato
Mama Duluth, hoja nzuri, lakini kusema WCHA ya wanawake ndiyo ngumu kuliko zote ni kuwadharau wa mashariki. Na mimi niliuliza ya wanaume. Kata Kona alinisema kwamba tuliwafanyia wenzetu tuliyofanyiwa. Hili limeniuma. Sisi tulijitoa kwa sababu ya ramani. Kutoka Mankato kwenda Fairbanks ni basi hadi Minneapolis, ndege mbili, watu zaidi ya 25 na mabegi ya vifaa ambayo kila moja linalipiwa, michezo Ijumaa na Jumamosi, mnarudi Jumapili usiku, Jumatatu darasani. Na msimu wa kwanza wa CCHA mpya tulifika fainali ya taifa, 2022. Ligi dhaifu ingefika wapi?

Kata Kona
Mliongoza 1–0 hadi kipindi cha tatu, Denver akawafunga tano. Denver wa NCHC.

Jirani wa Mankato
Angalau tulifika. Big Ten tangu ianze hoki 2013 hadi 2025 haijachukua taji hata moja la wanaume, na NCHC ilichukua saba. Minnesota walifika fainali 2023 wakafungwa na Quinnipiac sekunde 10 baada ya muda wa nyongeza kuanza.

Hesabu Moja
Hapo umejijibu. Kama Big Ten ndiyo iliyokula kila kitu, mbona haijashiba? Pesa zake zinatoka kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani, hoki ni mtoto wa kambo. Tangu makubaliano ya House (ya kesi iliyofungua njia ya vyuo kuwalipa wanamichezo) yaidhinishwe Juni 2025, chuo kilichojiunga nayo kinaweza kugawia wanamichezo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na hoki ya wanaume imetoka kwenye ufadhili 18 kwenda kwenye kikomo cha wachezaji 26, wote wanaweza kufadhiliwa. Michigan Tech au Lake Superior watazitoa wapi nane za ziada? Wakati huo huo NCAA imefungua mlango kwa wachezaji wa ligi za vijana za Kanada. Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama.

Mtoto wa Likoni
Na wale wa Alaska je? Mnawapitia juu juu.

Hesabu Moja
Anchorage walifutwa 2020, mashabiki wakaambiwa walete dola milioni 3, wakazileta, timu ikarudi 2022. Robert Morris vilevile, ilifutwa 2021 ikarudi barafuni 2023 kwa michango. Timu inarudi. Ligi ndiyo ngumu kurudi. Msimu wa 2024-25 timu huru, zisizo na ligi, zilikuwa tano: Fairbanks, Anchorage, Lindenwood, LIU na Stonehill.

Kata Kona
Tano. Wamepungukiwa mmoja tu, wakae wenyewe wafanye ligi.

Hesabu Moja
Wakiwa sita, ratiba itakuwaje? Stonehill iko Massachusetts. Kutoka huko hadi Fairbanks mara moja kwa msimu, na kurudi. Alaska wana neema moja: michezo inayochezwa kwao haihesabiki kwenye kikomo cha michezo 34 kwa msimu cha mgeni, ndiyo maana wanapata wageni. Ligi ikishakulazimisha kwenda, nauli ni yako unataka usitake.

Mama Duluth
Msimu wa 2022-23 Fairbanks walishinda 22, wakapoteza 10, sare 2. Huru, bila ligi, bila nafasi ya bingwa wa ligi kuwabeba. Wakaachwa nje ya zile 16.

Kata Kona
Walicheza na nani lakini?

Mama Duluth
Na yeyote aliyekubali kupanda ndege.