Msaada: marudio ya uchoraji wa kiufundi, kidato cha nne

Mtahiniwa_Nyegezi
Shikamooni walimu na kaka zangu. Najiandaa na mtihani wa kidato cha nne hapa Mwanza. Nikipewa kifaa kilichochorwa kwa isometriki (mchoro mmoja unaoonyesha pande tatu kwa pamoja) na kutakiwa nichore mionekano mitatu, wa mbele, wa pembeni na wa juu, kwa mpangilio wa pembe ya kwanza, sijui mwonekano wa pembeni ukae upande gani, na kingo zilizojificha zinanipita. Muda nao haunitoshi. Naomba mnielekeze pa kuanzia.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Katika pembe ya kwanza, kifaa hukaa kati ya mtazamaji na uso unaochorewa, kwa hiyo kinachoonekana husukumwa upande wa pili: ukitazama kutoka kushoto, mwonekano huo unauweka kulia kwa ule wa mbele, na ukitazama kutoka juu, unauweka chini. Pembe ya tatu ni kinyume chake.

Kuhusu kingo zilizojificha, kusoma daftari pekee hakusaidii sana. Kata kipande cha mche wa sabuni ya kufulia, ukichonge kiwe na ngazi moja na tundu lililopenya kutoka juu hadi chini, kisha ukiweke usawa wa macho. Kutoka juu tundu ni duara. Kutoka mbele halionekani kabisa, ndiyo maana pande zake huchorwa kwa mistari miwili ya vipande vifupi, na katikati hupita mstari mwembamba wa kipande kirefu na kifupi kwa kupokezana. Chora, geuza sabuni, chora tena. Nyumbani wasikugombeze, kwani bado itafulia.

Fundi_Igoma
Mdogo wangu, muda unapotea kwenye kufuta. Karatasi ya A3 ina milimita 420 kwa 297. Kifaa cha urefu wa 120, upana wa 80 na kimo cha 60 kinahitaji 200 kwa mlalo na 140 kwa wima, kabla ya nafasi za kutenganisha mionekano na kuandika vipimo. Piga hesabu hiyo kwanza. Kisha chora mionekano yote mitatu kwa pamoja kwa penseli ya 2H bila kukandamiza, ukihamisha upana kwa mstari wa nyuzi 45, badala ya kumaliza mmoja ndipo uanze mwingine. Unapokoleza, anza na duara na matao ya bikari, kwa sababu ni rahisi kuunganisha mstari ulionyooka na tao kuliko kulilazimisha tao liufuate mstari.

Mtahiniwa_Nyegezi
Asanteni sana. Je, kwenye mkato, yaani mchoro wa kifaa kana kwamba kimekatwa ili ndani yake ionekane, ubavu mwembamba wa kuimarisha nao napiga mistari ya mshazari?

Mwalimu_Mstaafu
Ukikatwa kwa urefu wake, hapana. Uache mweupe, sawa na bolti na shafti. Ukikatwa kwa kukingama, piga mistari.