Proji ya kutetea hoja fomu thrii imenishinda mapema, walimu njooni

Chaki_Nyeupe

Habari za jioni wakuu. Mi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya kata, kidato cha tatu, darasa lina vichwa 58. Mwaka huu nikasema hapana, sirudii zile mada za "elimu ni bora kuliko pesa" na "maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini", nimezikuta nikiwa mwanafunzi, nimezifundisha miaka tisa, watoto wameshazikariri mpaka vichekesho vyake, mtu anasimama "mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda usiyepunja wala kupendelea" salamu tu dakika mbili zimeisha na hoja hana.

Kwahiyo nikawapa proji ya wiki 5. Kila kundi lichague jambo ambalo watu wa mtaani kwao wanabishania kweli, watafute ushahidi, waandike hotuba ya kushawishi, waisome darasani alafu baadae mbele ya wazazi siku ya kikao. Nikawaachia wachague wenyewe. Nadhani hapo ndo nilipojikaanga.

Zikaja: viboko shuleni, wasichana waliojifungua kurudi darasani, ndoa ya miaka 15, Kiswahili kufundishia sekondari badala ya Kiingereza, na vijana wa dawati la nyuma wakaleta Simba na Yanga nikawarudisha.

Jumatatu tukaanza na viboko maana niliona ndo jepesi. Nikauliza wanaounga mkono wanyooshe mikono. Nikahesabu 49! Mdahalo ukafia hapohapo, wale wa kupinga wakawa wanaongea kama mtu anayeomba radhi. Siku hiyo nilikuwa zamu, nimetoka paredi nimeunganisha moja kwa moja darasani, hata ofisini sikupita, nikaweka vitu mezani, fimbo yangu na daftari la mahudhurio, tukaanza.

Jumatano ikaja hiyo ya waliojifungua. Kijana mmoja, muongeaji mzuri kwelikweli, akasema wakirudi "watawaambukiza wenzao". Makofi darasa zima. Sasa kuna binti anakaa dirishani, akalaza kichwa juu ya mikono na hakukiinua mpaka kengele. Mi najua sababu, darasa halijui.

Hedimasta kasikia kelele, kaniita, kasema mwalimu rudi kwenye elimu na pesa. Sasa nauliza: nizifute hizi mada? Na kusahihisha mnafanyaje, maana kuna hoja nikisoma mstari wa kwanza tu kalamu nyekundu inaanza kutetemeka mkononi.

Mzazi_Tu

Samahani mwalimu lakini haya ndo tunawaletea watoto shule? Mtoto wangu fomu tuu hajui hata kugawanya sehemu alafu huko mnambishanisha kuhusu ndoa. NECTA, baraza la mitihani, wanauliza hayo?

Babu_Stafurumu

Mzazi, wanauliza. Insha ya hoja ipo, na enzi zangu akifika fomu faivu alikutana na GS, yaani General Studies, ambayo karibu yote ilikuwa hayahaya. Sehemu mwambie mwalimu wa hesabu, huyu wa Kiswahili hana kosa.

Mwanangu Chaki, nimestaafu ila hiki kitu nimekifanya sana. Swali langu moja kabla ya yote: hiyo fimbo ilikuwa inafanya nini mezani?

Umewauliza watoto 58 kama fimbo ni nzuri na fimbo yenyewe inawatazama. Ningekuwa fomu thrii ningenyoosha mikono yote miwili. Hao 49 hawakuunga mkono hoja, walikuunga mkono wewe. Na wala sikusemi kwa ubaya, mi nilifanya hivyohivyo na nikaandika kwenye andalio la somo kwamba "wanafunzi wameshiriki kikamilifu".

La pili, wabishi wengi hawajui wanabishania nini. Nenda nao kwenye maandishi kwanza. Viboko Tanzania bara vina kanuni za 2002 chini ya Sheria ya Elimu, na zinasema: ni kwa kosa kubwa la nidhamu, havizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila safari inaandikwa kwenye daftari, jina, kosa, idadi, nani kachapa. Nilipowaandikia haya ubaoni darasa lilinyamaza alafu mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "mwalimu, kuchelewa namba ni kosa kubwa?" Toka pale tulipata mada ya kweli. Zamani ilikuwa "viboko vizuri au vibaya", jambo ambalo kila mtu analo jibu kutoka kwao, sasa ikawa "je hiki kinachofanyika hapa ndicho kilichoruhusiwa, na kama sicho tukibadilishe kanuni au tubadilike sisi". Hapo hata mtoto anayependa fimbo inabidi afikiri.

Ndoa nayo vilevile. Watoto wengi watakwambia ni mambo ya wazungu dhidi ya mila zetu. Waoneshe Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe, kifungu cha 13 na 17, msichana miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, mvulana 18. Alafu waambie aliyeipeleka mahakamani ni Mtanzania, Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu 2016 ikamkubalia, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani Oktoba 2019 ikaitupa hiyo rufaa. Kundi la kutetea mila likishajua hivyo haliwezi tena kumsingizia mzungu, inabidi litafute hoja. Na zipo, usidhani hazipo, kuna mzazi anaogopa binti kuzalia nyumbani, huyo naye asikilizwe vizuri kabla hajajibiwa.

Chaki_Nyeupe

Mzee wangu umenipiga na hicho cha fimbo. Sikuwaza kabisa.

mwl_pwani254

Assalaam aleikum, salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu viboko vilipigwa marufuku 2001 na katiba ya 2010 ikakaza, lakini msinione nawaringia, kuzuia kwenye karatasi ni jambo moja na mwalimu aliye na watoto sabini ni jambo lingine.

Mie nataka nikupe vitu viwili ndugu yangu. Cha kwanza, usiwaambie waandike kwa "jamii". Jamii ni nani? Mtoto akiandikia jamii anapiga kelele tu kama muhubiri wa stendi. Mpe mtu mmoja mwenye jina na mwenye msimamo mwingine. Mie mwaka jana mada ilikuwa hijabu kwa shule za wafadhili wa kanisa, na Mombasa hapa unajua mwenyewe, darasa nusu kwa nusu, wallahi nililala na wasiwasi. Nikasema kila mmoja amwandikie mtu mzima wa nyumbani kwao ambaye hakubaliani naye, na kabla ya kuandika amhoji kwanza. Kijana mmoja Mkristo akamchagua jirani yao, mama mmoja wa Likoni anauza mahamri, akaenda na daftari lake alfajiri wakati mama anakanda unga. Alirudi na karatasi mbili za maneno ya yule mama na nusu ukurasa tu wa hoja zake mwenyewe, na zile zilizobaki, aisee, zilikuwa nzito. Zile nyepesi mama alishazimaliza pale kwa karai.

Cha pili, kabla hujapinga upande wa pili lazima uueleze mpaka mwenye upande huo aseme ndiyo, umenielewa, na atie sahihi. Hana sahihi, hana ruhusa ya kuanza hotuba. Wengine walirudishwa mara nne. Kuna msichana alikataa kutia sahihi kwa vile mwenzake aliandika "wanataka kuvaa hijabu kwa sababu wamelazimishwa na baba zao", akamwambia hebu rudi uniulize mimi, baba yangu hata hayuko hapa, yuko Qatar.

Na wasome kesi yenyewe. Ile ya shule moja ya Isiolo, Mahakama ya Rufani 2016 iliwaruhusu wavae, Mahakama ya Juu Januari 2019 ikatengua, na watu wengi husema "hijabu ilishindwa" kumbe kikubwa walichokiangalia ni namna ombi lenyewe lilivyoingizwa kwenye kesi, halikuingia kwa mlango wake. Watoto wangu walishangaa kuona mtu anaweza kushindwa kesi bila swali lake kujibiwa sawasawa.

Mama_Nasaha

Mi nimekuja kwa huyo binti wa dirishani. Hayo mengine wanaume wameshayasema.

Mdogo wangu, nilijifungua nikiwa kidato cha tatu. Wakati ule jina linafutwa, basi, unaondoka na begi. Nilikuja kusoma QT, ule mtihani wa kufuzu kwa walio nje ya shule, jioni na mtoto mgongoni, nikarudi mtihani kama mtahiniwa binafsi, leo nashika chaki kama wewe na ndo mshauri nasaha wa shule. Kwahiyo nisikilize.

Usiifute mada. Ukiifuta leo baada ya yale makofi, anachobaki nacho ni makofi. Ila badilisha swali. "Warudi au wasirudi" limeshajibiwa, Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 umesema wanarudi, tangazo lilitoka Novemba mwaka huohuo, baada ya miaka minne hivi ya kauli ile ya Rais Magufuli ya 2017 kwamba hawarudi. Ukiwaachia watoto swali ambalo limeshaamuliwa unawaachia wapige kura juu ya mwenzao, kwamba astahili kuwepo au la. Huo mdahalo haufai, hiyo ni hukumu. Waulize: akirudi Jumatatu hapa kwetu, akae wapi, ananyonyesha saa ngapi na wapi, mwalimu aseme nini siku ya kwanza, wanaomcheka wafanywe nini. Hapo yule muongeaji wako mzuri atapata kazi ya kweli na utaona kipaji chake, maana ana kipaji, kakosa swali tu.

Mfuate binti kabla, faragha, lakini usimuite ofisini mbele ya watu jamani, mtume na madaftari. Mwambie wiki ijayo tutaongea jambo hili kwa namna hii, ukitaka kuwepo uwepo, ukitaka siku hiyo ukae maktaba ni sawa. Na usije ukamgeuza ushahidi, "hebu mwenzetu tuambie". Kila akisimama mtu darasani akasema "kuna wengine hapa" mi nilikuwa naomba ardhi ipasuke.

Kauli ya kijana usiiache ikapita pia. Siku hiyohiyo ungemuuliza tu, "ushahidi wa kuambukiza uko wapi?" Kama ungemdai mtu wa viboko ushahidi, mdai na huyu.

Mzazi_Tu

Mama Nasaha nimekuelewa. Basi hiyo nakubali. Ya ndoa bado.

Kalamu_Nyekundu

Kuhusu kusahihisha, alama za "msimamo" ziweke sifuri. Mi kwenye 40 natoa 15 kwa ushahidi, yaani kautoa wapi na unahusiana na anachosema, 15 kwa jinsi alivyoupa haki upande wa pili, zilizobaki lugha na mpangilio. Yule anayekubaliana na mimi ndo huwa nampa za bure, nimejigundua. Nilimpa mwenzangu wa Historia, mtu ambaye tunabishana kila chai, asahihishe insha sita ambazo nilishasahihisha bila kumwonesha alama zangu. Moja tulipishana alama 11. Tukaisoma pamoja, alikuwa sahihi yeye, mtoto hakuwa na ushahidi wowote ila alikuwa anasema ninayoyapenda. Tafuta mbishi wako mmoja ofisini, watu wa hivyo wana kazi yake. Na wakileta vitu vya ChatGPT utavijua, havina hata jirani mmoja ndani.

Chaki_Nyeupe

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kimya, tulikuwa na mitihani ya mwezi.

Binti nimeongea naye, nilimtuma na madaftari kama nilivyoelekezwa. Kachagua kuwepo. Hajaongea lolote kipindi chote ila kakaa kichwa juu. Yule kijana ndo kaandika kwamba chumba cha stoo ya jembe kisafishwe kiwe cha kunyonyeshea, kapima na upana kwa hatua. Sijamwambia kitu, nimeandika tu pembeni "mlango unafungwaje?" ajibu.

Viboko nilirudia. Fimbo niliacha ofisini, na badala ya mikono nikawapa vikaratasi wakunje bila jina. Waliounga mkono wakawa 31, kwahiyo bado wengi, sitadanganya hapa kwamba darasa limegeuka. Lakini vikaratasi vitatu, miandiko tofauti kabisa, havikuandika ndiyo wala hapana. Viliandika "inategemea anayechapa ni nani". Nimevisoma stafu rumu, walimu wakatazamana, kila mtu akamalizia chai yake haraka.

Hedimasta kakubali niendelee ila hotuba za viboko zisisomwe kwa wazazi mpaka azione. Nikamwambia sawa, ila makundi yote mawili yanaomba kuliona daftari la adhabu ili yapate ushahidi, Mzee Stafurumu kawatia hamu hiyo. Kanielekeza kwa makamu. Nimeenda kwa makamu leo saa nne, kaniangalia kidogo akasema, "daftari gani?"