Mwigizaji akiondoka, kwa nini mhusika aliyebaki ndiye anayeadhibiwa?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Nimerudia misimu miwili ya mwisho ya The Office ya Marekani, ile tamthilia ya vichekesho vya ofisini, na walichomfanyia mhusika Andy Bernard bado kinanikera vilevile.

Steve Carell, aliyeigiza bosi wa ofisi Michael Scott, aliondoka 2011, msimu wa 7 ukielekea ukingoni. Sawa, mtu ana haki ya kwenda zake. Kiti cha Michael Scott kikabaki wazi, wakamkalisha Andy, na mwanzoni nilimkubali kabisa. Msimu wa 8 anawaahidi wafanyakazi kwamba mauzo yakipanda atachorwa tatuu wanayoitaka wao kwenye makalio, na mauzo yanapanda, na anachorwa kweli. Kwenye ile sherehe ya bustani baba yake anamdhalilisha, na wale wale waliozoea kumcheka ndio wanaobaki kumfariji. Huyu ni jamaa aliyekuja msimu wa 3, mtu wa kujipendekeza, mwenye hasira za kutoboa ukuta kwa ngumi! Miaka yote hiyo waandishi walimjenga taratibu, na mtazamaji akaona mtu akikua.

Halafu msimu wa 9 wakafuta kila kitu. Ed Helms, anayemwigiza Andy, alikuwa na kazi kwenye filamu ya tatu ya The Hangover, kwa hiyo Andy akapandishwa boti akapotelea Karibiani miezi mitatu. Erin, mpenzi wake ambaye Andy mwenyewe alimfuata hadi Florida, anaachwa bila hata mawasiliano ya maana. Andy anarudi anajifanya hakuna kilichotokea. Yaani ratiba ya mwigizaji imegeuzwa kuwa tabia ya mhusika! Walikuwa na sababu chungu nzima za kumweka mbali: kuuguza mzazi, kupelekwa tawi jingine, chochote kile. Wakachagua ile inayomfanya mbinafsi, na kwa macho yangu ni ili Erin ampende Pete, mfanyakazi mwenzake, bila sisi kumlaumu.

Na asije mtu hapa kuniambia hivi ni vichekesho tu, nisitegemee makubwa. M*A*S*H, vichekesho vya madaktari wa jeshi la Marekani kwenye vita vya Korea, ilipoteza watu wawili wakubwa mwaka mmoja, 1975: Henry Blake, mkuu wa kambi, na Trapper, daktari rafiki wa mhusika mkuu Hawkeye. Hawakuleta nakala zao. Aliyekuja kuongoza kambi ni Potter, mwanajeshi wa kazi hasa, na kitandani kwa Trapper akalala B.J., mume anayempenda mkewe na kumkumbuka kila siku. Daktari Frank Burns naye alipoondoka, akaja Winchester, daktari bingwa kweli kweli. Hawkeye alizoea kumdhihaki Frank kwa sababu Frank hajui kazi. Kwa Winchester silaha hiyo haipo, inambidi abadilike. Kuondoka kwa mmoja kuliwakuza waliobaki. Kumbe inawezekana!

Kuna na ile ya kubadilisha sura huku jina likibaki. Aunt Viv wa The Fresh Prince of Bel-Air, mama wa familia tajiri inayomlea kijana Will. Watu hubishana nani mzuri kati ya Janet Hubert aliyemwigiza mwanzo na Daphne Maxwell Reid aliyempokea, na mimi naona wanamkosea Reid bure, kwa sababu yeye aliigiza alichoandikiwa. Hasira zangu ziko kwa walioandika. Viv wa mwanzo ni msomi, anasimama darasani kufundisha historia ya watu weusi na hambembelezi mwanafunzi, hata akiwa Will. Msimu wa 2 anaingia darasa la dansi na nguo yake ya waridi na kuwafunika mabinti waliomdharau. Kuanzia msimu wa 4, mwaka 1993, mwanamke huyo hayupo. Yupo mama mpole anayepita sebuleni mume akizungumza. Jazz, rafiki wa Will, akatupa utani mmoja kwamba tangu ajifungue amebadilika, Will akaangalia kamera, biashara ikaishia hapo. Ukweli ni kwamba alibadilika kuliko walivyokuwa tayari kukiri.

Anayeweza kumtetea Andy wa boti aje hapa na hoja, aniambie ni tukio gani kabla ya msimu wa 9 linaloonyesha angemfanyia Erin vile. Moja tu.