Tupeane uzoefu: uliacha nyama, samaki, mayai na maziwa ili upungue mwili, yakakukuta yapi?

Mwana wa Mikindani (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita sokoni nikamkuta mama anapima korosho za kukaanga kwa kikombe, nikageuza njia kwa aibu. Nitawaambia kwa nini.

Mwaka jana baada ya msimu wa korosho nilipanda mizani duka la dawa, ikasoma kilo 94, na mimi si mrefu kivile. Kijana mmoja kazini akanipa somo la vegani: hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai, maziwa, hata asali hakuna. Mtu wa Mikindani kuacha samaki! Majirani walidhani nimeapizwa.

Siku ya kwanza nikamwambia mke wangu, kuanzia leo nakula mboga tu. Akasema sawa. Jioni naletewa ugali na changu wa kupaka. Namuuliza hii nini? Ananijibu, "Mboga." Na kweli sikuwa na la kusema, maana kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali.

Tukaja kuelewana. Nikala kisamvu cha nazi, mbaazi za nazi, maharage ya nazi, wali wa nazi. Njaa ikinibana katikati natafuna korosho, si zinatoka mtini? Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Miezi miwili baadaye narudi kwenye mizani ileile: 97. Muuza duka alicheka mpaka akatafuta stuli akae. Ndipo nikaelezwa kwamba gramu 100 za korosho ni kama kalori 550, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta matupu.

Aliyepitia njia hii atiririke. Hasa watu wa Mtwara na Lindi, wa Dar mtatuletea habari za maziwa ya soya.

Chuno Magharibi
97 hahahaha. Ntwara kuchele!

Kiti cha Mbele
Nimekaa hapa na uraka wangu, pombe ya mabibo. Si mabibo haya? Vegani kamili mimi.

Mtoto wa Newala
Nasoma huku nacheka kwa uchungu. Nimekulia juu kule uwandani. Leo ugali wa makopa na kisamvu cha chumvi, kesho ugali wa makopa na mlenda, keshokutwa mbaazi. Samaki tulimwona mkavu, tena kichwa, na kichwa chenyewe anawekewa njomba aliyekuja kutusalimia. Sisi tunabaki kumtazama anavyonyonya mifupa. Hatukuita vegani, tuliita ukata. Na kijiji kizima hakukuwa na mwenye kitambi, kwa sababu maji yalikuwa bondeni na unapanda nayo kichwani. Mleta uzi, chukua ndoo.

Mwana wa Mikindani
Ndoo ninayo njomba, ila bomba liko mlangoni.

Bi Ufuta
Mimi niko Lindi mjini. Tatizo la mleta uzi si korosho peke yake, ni nazi. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, ya wanga au protini ni 4. Sasa wewe unakamua nazi mbili kwenye mbaazi za watu watatu, tui zito lote ndani, halafu unashangaa mizani.

Kipara Masasi
Nazi haina kosa lolote. Bibi yangu kala nazi maisha yake yote na alikufa mwembamba.

Bi Ufuta
Bibi yako alikuwa analima. Wewe unafanya nini?

Kipara Masasi
Naendesha bajaji.

Bi Ufuta
Nimemaliza.

Kipara Masasi
Hujamaliza, umenitukana tu. Na huo ufuta uliojiita jina hauna mafuta?

Chuno Magharibi
Hapo kakubana, bi mkubwa.

Mchinga Wawili
Mimi nilifanikiwa, kilo 11 kwa miezi minane. Choroko, kunde na mbaazi za kuchemsha, nazi Ijumaa tu, ugali ukubwa wa ngumi. Asubuhi natembea kwenda kazini. Njaa ya saa 10 jioni naimaliza na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Ming'oko ya Lindi lakini, siyo ile ya Mtwara iliyojaa nyuzi.

Mtoto wa Newala
Ming'oko ya Lindi ndiyo nini? Mnachimba wapi nyie?

Mchinga Wawili
Njoo Mchinga ule kwanza ndipo ubishe.

Kipara Masasi
Na hao dagaa je, uliacha kweli? Mama yangu ukimwambia huli samaki anakuwekea dagaa kwenye mchicha, ukiuliza anasema hao si samaki, ni kiungo.

Mchinga Wawili
Dagaa nimewarudia mwezi uliopita. Sijutii.

Mama Pacha
Nilikuwa nasoma kimya, ila huyu aliyetaja mama na dagaa kanikumbusha, ngoja na mimi niseme.

Mimi nina kisukari, natumia vidonge aina mbili, metformini na glibenklamaidi. Kliniki waliniambia nipunguze mwili. Hawakuniambia niache samaki, hilo nililiokota mwenyewe kwenye simu, mwanamke fulani wa nje kapungua mpaka suruali anaishika kwa mkono. Nikasema na mimi. Na kwa kuwa nina haraka, nikaacha na ugali, na wali, na muhogo. Asubuhi glasi ya mchicha na tango la kusaga, mchana matembele ya kuchemsha bila nazi, jioni kipande cha papai. Vidonge nameza vilevile kama zamani. Wiki ya tatu kilo 5 zimeondoka. Kila anayeniona ananiambia dada umependeza, na mimi kichwa kinavimba.

Desemba mtoto wa dada yangu anatoka unyagoni, kijijini huko Nanyamba. Wenye kwao mnajua shughuli ilivyo, ngoma tangu usiku hatujalala. Asubuhi pilau imeshaiva, wifi yangu ananiletea sahani, juu kaweka mnofu mkubwa, ni heshima hiyo. Nikamwambia nyama situmii. Akanitazama. "Chakula cha mtoto wetu unakikataa?" Nikasema basi nipe mbaazi. Mbaazi zipo wapi, nani apike mbaazi siku ya mwali? Nikanywa maji nikarudi kwenye ngoma. Vidonge nilikuwa nimeshameza alfajiri.

Kama saa 5 hivi mikono ikaanza kutetemeka. Nikadhani ni uchovu wa kutolala. Jasho linatoka la baridi na jua kali vile, kanga imelowa mgongoni. Sauti za watu nazisikia kama wako ndani ya pipa. Wanasema nikamtukana wifi mbele za watu, tusi zito, mimi silikumbuki. Kisha nikaanguka katikati ya uwanja, na ngoma haikukatika! Wanawake walijua nimepandwa na shetani. Bibi mmoja akaagiza chetezo. Sukari imeshuka, watu wananifukiza ubani.

Aliyeniokoa ni kijana wa dada, yuko kidato cha tatu, anajua ninameza dawa gani. Alipenya kati ya wanawake, nao wanamfukuza maana mwanamume hapo haruhusiwi, akanipaka sukari ndani ya shavu kidogo kidogo, hakunimiminia kinywaji, na nilipoanza kumeza mwenyewe ndipo akaninywesha soda. Nikabebwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na dada, mpaka kituo cha afya. Kipimo kikasoma 3.1, bado iko chini, na hapo soda nimeshaimaliza. Nesi akaniambia, "Mama, hii glibenklamaidi inashusha sukari uwe umekula au hujala." Siku ya kliniki daktari akanipunguzia dozi, akanipangia na chakula.

Wifi mpaka leo hanisemeshi. Tusi alishalisamehe. Ni ile sahani.

Chuno Magharibi
Dah. Pole sana dada yangu.

Kiti cha Mbele
Pole mama. Lakini ngoma haikukatika, hapo nimeshindwa kujizuia.

Mlonge Original
Poleni wote mnaohangaika. Maji ya moto na ndimu asubuhi kabla hujaongea na mtu, unga wa mlonge kijiko kimoja usiku, kilo zinaondoka zenyewe na sukari inapona. Ninao wa kutosha, niko stendi.

Dawa Baridi
Wewe wa stendi acha kabisa. Mtu katoka kusimulia sukari ilivyomwangusha na wewe unamwongezea kitu juu ya vidonge. Mimi nauza duka la dawa miaka 9. Anayetumia dawa za sukari au presha akitaka kubadili chakula kwa namna hii aende kliniki kwanza, dozi iangaliwe.

Jingine ambalo wengi hamlijui: ukiacha kabisa vitu vya wanyama, vitamini B12 huipati. Haimo kwenye mchicha, haimo kwenye kisamvu, na mlonge nao hauna. Mwili una akiba yake kwenye ini, kwa hiyo unaweza kwenda hata miaka unajiona mzima, halafu miguu inaanza ganzi na unachoka bila sababu. Na Mama Pacha asikie hili, metformini ukiitumia muda mrefu nayo inashusha B12. Kuna vidonge, kuna sindano. Mengine ni madogo: maharage na mchicha vina madini ya chuma, kamulia ndimu ili mwili uyachukue, na chai subiri baada ya saa moja.

Mlonge Original
Kwa hiyo ndimu unakubali.

Dawa Baridi
Ndimu kwenye maharage, mkuu. Si hiyo ya kutoongea na mtu.

Kipara Masasi
Ganzi ya miguu mimi ninayo mwaka wa pili sasa.

Dawa Baridi
Nyama umeacha lini?

Kipara Masasi
Sijaacha.

Dawa Baridi
Nenda kapime sukari kesho. Siyo utani.

Mke wa Shangani
Uzi umekuwa mzito, ngoja niwaletee langu. Mimi na mume wangu tulianza pamoja, tuliwekeana nadhiri kabisa baada ya Idi. Napika mwenyewe, tunakula sahani moja. Mwezi wa kwanza mimi nimepungua kilo 4, yeye kaongezeka 2. Mwezi wa pili mimi 6, yeye 3 juu. Nikasema labda ni maumbile. Lakini nikaanza kuona mambo. Anarudi saa 2 badala ya saa 12. Akiingia tu anakimbilia mswaki, kabla hata ya salamu. Mikono inanuka sabuni ya kuogea ambayo ndani kwangu haipo. Na chakula anagusa matonge mawili, "nimeshiba mke wangu, hii choroko inajaza."

Nikajua tayari, nina mwenzangu mjini. Alhamisi moja nikamkodi kijana wa bodaboda asiyejulikana mtaani kwetu, tukamfuata kwa nyuma. Akapita soko, akapita stendi, akakunja Magomeni. Moyo unadunda. Ngojeni niwapakulie watoto, narudi.

Chuno Magharibi
Wewe!! Unatuachaje Magomeni?

Kiti cha Mbele
Watoto wana mikono, wajipakulie.

Bi Ufuta
Dada usimfumanie peke yako, hiyo ni hatari. Ungerudi nyumbani ukae kimya, umwite mshenga.

Kipara Masasi
Mshenga wa nini? Ingia ndani, piga picha, ushahidi uwepo.

Mtoto wa Newala
Mimi naona jamaa aachwe. Choroko miezi miwili, unategemea nini?

Bi Ufuta
Yaani kwako choroko ni sababu ya mchepuko?

Mtoto wa Newala
Sijasema sababu. Nimesema nategemea.

Mwana wa Mikindani
Wakuu, mada ni kupunguza mwili. Kuna mtu anajua mizani nzuri inauzwa wapi?

Chuno Magharibi
Mleta uzi subiri kwanza.

Mlonge Original
Mke wa Shangani, kuna dawa ya kumtuliza mume pia.

Mke wa Shangani
Nimerudi. Basi boda ikasimama, mimi nimejifunika mtandio. Namwona anaingia kwenye nyumba ya makuti, uani kuna mwembe. Naitazama ile nyumba, mbona naijua? Ni kwa mama mkwe!

Nikazunguka uani polepole. Moshi unatoka jikoni, harufu ya nguru wa kukaanga inakuja mpaka barabarani. Nachungulia: bwana kakaa kwenye mkeka, shati kavua asichafue, sinia la ugali liko mbele yake, mama yake anampepea na kipepeo kilekile cha mkaa. Na anamwambia, nimesikia kwa masikio yangu, "Kula mwanangu, wasije wakakuua kwa majani."

Mtandio ukanidondoka. Mume kuniona tonge likabaki hewani. Mama mkwe wala hakushtuka. Akachukua birika la maji, akanisogezea beseni. "Karibu mkwe wangu. Nawa."

Kiti cha Mbele
Ukafanyaje???

Mke wa Shangani
Shikamoo nilimpa. Halafu nikanawa. Wewe nguru wa siku ile, na ndimu, na pilipili mbichi... miezi miwili wakuu.

Mama Pacha
Hahahaha umenichekesha jamani. Bora wewe ulinawa.

Bi Ufuta
Na bodaboda je?

Mke wa Shangani
Alikuwa anasubiri nje na hela yake. Mama mkwe akamwita naye akala.

Mwana wa Mikindani
Mizani, wakuu.

Chuno Magharibi
Dada, Magomeni upande gani hapo kwa mama?