Naomba ushauri: nataka kushona pensi nyumbani, mkasi sijaushika bado

mama_wawili_moshi

Habari zenu wapendwa. Niko Moshi, na joto la huku kuanzia Desemba hadi masika yaingie mnalijua. Wanangu wawili wa kiume, mmoja miaka sita na mwenzake tisa, wanashinda na pensi za mtumba ambazo nyingi ni nailoni au kitambaa kizito. Ikifika jioni mapaja yamejaa vipele vya joto. Nataka niwashonee mwenyewe pensi nyepesi za lastiki kiunoni, hazina zipu, mifuko tutaiona baadaye. Baba yao naye ameomba moja ya kushinda nayo nyumbani.

Nilicho nacho ni cherehani ya mguu, Singer, aliyoniachia mama mkwe. Inapiga mshono ulionyooka tu, zigizaga haina. Nina kitenge kipya cha yadi 3, pamba tupu, mkasi mkali na tepu. Foronya na mapazia nashona vizuri, nguo ya kuvaa ndiyo sijawahi.

Ninachouliza: naweza kukata umbo moja nikalitumia mbele na nyuma? Nimeona watu wakifanya hivyo. Yadi 3 zitatoa pensi ngapi? Na bila overloki, nyuzi za kingo nitazizuiaje zisichomoke? Kitenge hiki nakipenda, ndiyo maana nauliza kwanza.

dada_wa_njiro

Mama wawili, kabla ya yote kiloweke. Maji ya baridi, kilale humo usiku kucha, anika kivulini, kikikauka piga pasi. Kitenge kipya kina uji wa kiwandani, na pamba ikikutana na maji inarudi, yaani inapungua. Ukishona kabla hakijarudi, pensi itakuja kurudia mwilini mwa mtoto baada ya kufuliwa, na itakapobana kwanza ni msambani, pale miguu miwili inapokutana.

Kwa kitambaa umechagua vizuri. Sisi Arusha tuko juu, kama mita 1,400, Juni na Julai pensi zinalala kabatini. Ninyi mko chini kwa mita mia kadhaa, pamba nyepesi inawafaa karibu mwaka mzima.

kijana_wa_soweto

Kata umbo moja tu, mbele sawa na nyuma. Mimi bukta zangu za mpira nazishona hivyo na zinavaliwa.

fundi_majengo

Kijana, kwa bukta pana ya mtoto mdogo inakubali. Kwa mtu mzima tusimshauri hivyo, na hata kwa huyo wa miaka tisa mimi nisingefanya. Mtu akisimama wima, pensi ya umbo moja inaonekana haina neno. Mwambie akae kwenye kigoda au ainame kufunga kamba za viatu: kitambaa cha nyuma kinatakiwa kizunguke makalio, kikikosa urefu kinavuta kiuno kushuka, mbele kinajikunja, na katikati mshono unafumuka. Pensi nyingi tunazoletewa kurekebisha zimechanika msamba kwa sababu hiyo, wala si kwa ubovu wa uzi.

Kwa hiyo dada, maumbo mawili. Nyuma iwe juu kuliko mbele kwa inchi 1 pale katikati ya kiuno, na mkunjo wake wa msamba uingie ndani zaidi.

Njia nyepesi kwako ni kunakili pensi ambayo tayari inamkaa mtoto vizuri. Ikunje katikati, mguu mmoja juu ya mwenzake, nyuma ikiwa nje. Ilaze kwenye gazeti au karatasi ya khaki, vuta lastiki hadi kitambaa cha kiunoni kinyooke kabisa (hapa ndipo wengi wanapopata kiuno kidogo), kisha chora kuzunguka. Geuza, mbele ikae nje, chora upya kwenye karatasi nyingine. Ukizilaza pamoja utaona kwa macho yako hiyo tofauti ninayoisema. Halafu ongeza nusu inchi kila upande wa mshono, na inchi 1 na nusu kiunoni na kwenye pindo la chini.

Kwa baba yao, kama hana pensi ya kunakili, mpime nyonga pale palipojaa. Tuseme ni inchi 40. Robo yake ni 10, ongeza 1 na nusu isibane, unapata 11 na nusu: huo ndio upana wa kila kipande. Kipande cha mbele kitokeze kwa ajili ya msamba inchi 2 na nusu, yaani nyonga ugawe kwa 16. Cha nyuma kitokeze 5, yaani ugawe kwa 8. Kina cha kukalia unakipata akiwa amekaa kwenye kiti kigumu: pima ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti, ongeza inchi 1. Mkunjo uchore kwa mkono, uteremke taratibu, usiwe na kona.

Kuhusu yadi. Kitenge kina upana wa kama inchi 44. Pensi ya nyonga 40 haikai mstari mmoja; mbele mbili zinapangwa mstari wake na nyuma mbili mstari wake, kwa hiyo tenga yadi 1 na nusu. Inayobaki inatoa pensi ya mtoto mmoja bila wasiwasi. Ya pili usiilazimishe, kwa sababu ili itoshe utajikuta unalaza kipande kimoja upande, na kipande kilichokatwa kinyume cha nyuzi kinaweza kujipinda kikifuliwa. Vipande vyote vifuate ukingo ule wenye maandishi. Na kama kitenge chako kina ndege au picha yoyote yenye kichwa, hakikisha vichwa vyote vinatazama juu kabla hujakata.

mwl_sayansikimu

Naunga mkono fundi kwa kila neno. Naongezea la overloki, maana wanafunzi wangu nao hawana.

Mishono ya ubavuni na ya ndani ya mguu ifiche. Weka vipande viwili migongo ikitazamana, yaani uso mzuri uko nje. Piga mshono wa robo inchi, punguza ukingo kwa mkasi ubaki kama nusu ya hapo, piga pasi. Sasa geuza nyuso nzuri zitazamane na upige mshono mwingine robo inchi. Kingo zote zimebaki ndani, ukiigeuza pensi hauoni hata uzi mmoja. Ile nusu inchi aliyokwambia fundi inatosha kwa yote mawili.

Msambani usifanye hivyo, pataneneka na patamkwaruza mtoto. Pale piga mara mbili, mshono wa pili kando kabisa ya wa kwanza upande wa ukingo, kisha zungushia ukingo kwa sindano ya mkono.

Utaratibu wa kuunganisha ninaoupendekeza: maliza kwanza mguu mmoja mmoja, ubavuni na ndani, uwe na mifereji miwili. Mguu mmoja ugeuze uso uwe nje, uutumbukize ndani ya ule mwingine ambao bado uko kinyume, mishono ya ndani ikutane, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Shika kwa pini, piga msamba kwa safari moja kutoka kiuno cha mbele hadi kiuno cha nyuma. Anayeanza akifuata hivi si rahisi kuchanganya vipande.

Na kitenge unachokipenda kiache kwanza. Soko la Memorial hapo Moshi kuna mashuka ya pamba ya mtumba, chukua moja ujifunzie. Mtoto ataivaa ya shuka vilevile.

mama_wawili_moshi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Shuka nitalifuata Memorial Jumamosi. Swali dogo: lastiki naikata urefu gani?

dada_wa_njiro

Kwa watoto, kiuno utoe inchi 2. Mtu mzima toa 3. Lakini mzungushie kiunoni kabla hujaikata umsikie anasema nini, maana lastiki za madukani hazilingani ugumu. Chukua ya upana wa inchi 1. Kiunoni kunja robo inchi, kisha kunja tena inchi 1 na robo, shona ukiacha uwazi wa inchi 2 hivi wa kupitishia. Ncha funga pini kubwa ya nepi ndiyo ikuongoze humo ndani. Ncha mbili zilalie moja juu ya nyingine inchi 1, shona umbo la mraba, rudia, kisha funga uwazi.

Ukimaliza, vuta kiuno makunyanzi yasambae sawasawa, halafu piga mshono mfupi wa wima juu ya lastiki kila ubavu. Bila huo itajisokota kwenye kufua. Na ndani ya kiuno cha nyuma shonea kijikipande cha utepe, watoto wajue nyuma ni wapi wakivaa wenyewe.

kijana_wa_soweto

Fundi, nimejaribu kupandisha ile inchi 1 ya nyuma kwenye bukta yangu. Nimekaa nayo kwenye bodaboda na haijashuka. Nimekubali.

mama_wawili_moshi

Narudi na habari njema. Ya mdogo ya shuka imekamilika, amechuchumaa nayo akicheza gololi, kiuno kimetulia pale pale. Ila upande wa chini wa mshono uzi unajikusanya vitanzi vitanzi, juu panaonekana safi. Nimeshabadilisha bobini, ile ya uzi wa chini, bado. Hili nataka nilimalize kabla sijaanza kitenge.

fundi_majengo

Hongera sana dada. Bobini iache, haina kosa. Vitanzi vikiwa chini, tatizo ni uzi wa juu, haubanwi vya kutosha. Mara nyingi ni kwamba ulipokuwa unautunga, kile kichuma kinachokandamiza kitambaa kilikuwa kimeshushwa, uzi ukapita juu juu bila kuingia katikati ya visahani vya kubana. Chomoa uzi wote wa juu, nyanyua kichuma, tunga upya toka mwanzo, kisha kishushe na uuvute uzi kwa kidole: unatakiwa ukushikilie kidogo. Ukiona bado unateleza, kaza ile skrubu yenye springi robo mzunguko tu, ujaribu kwenye kipande cha shuka. Na weka sindano mpya, namba 14 kwa kitenge.

mama_wawili_moshi

Ni hicho hicho, fundi. Nimetunga upya kichuma kikiwa juu, vitanzi vimekwisha na skrubu sijaigusa. Kitenge kiko kwenye beseni tangu jioni.