Tupeane uzoefu: Zermatt au Grindelwald, wiki moja na watoto?

Mama Imani, Basel
Habari zenu wapendwa. Likizo ya Februari hiyo inakuja, tunataka kwenda kwenye theluji huku huku Uswisi, na nyumbani hatujaelewana. Baba Imani anataka Zermatt kwa sababu ya ule mlima wa Matterhorn, mimi nataka Grindelwald. Watoto wana miaka 6 na 9, skii hawajawahi kuvaa. Mimi mwenyewe baridi naiogopa tangu siku niliyoshuka kwenye ndege. Mliokwenda na familia nisaidieni, kila mtu aseme yaliyomkuta.

Mchagga wa Bern
Dada umenikumbusha mbali. Kabla sijaja huku nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu, miaka minne. Horombo, kituo cha kulala njiani, iko mita 3,720, na mgeni tunamfikisha siku ya pili, pole pole, maji mengi. Sasa Zermatt kijiji kiko mita 1,600 na ushee, unapanda kebo, yale mabehewa ya kuning'inia kwenye waya, saa moja haijaisha uko kilele cha Klein Matterhorn, mita 3,883. Umeipita Horombo na jasho hujatoka! Mke wangu alitapika pale juu, kichwa kinamgonga, watu wanasema kala vibaya. Mimi nilijua ni ule ugonjwa wa kupanda juu haraka, nikamshusha hapo hapo, na alipofika chini akaomba chai. Watoto msiwapeleke juu kabisa siku ya kwanza. Wabaki Sunnegga, treni ya ndani ya mlima inafika kwa dakika chache, na uwanja wa wanaoanza uko pale.

Kisauni Original
Hiyo ya kichwa ni kweli tupu. Ilinipata pia.

Mkombozi77
Pesa ya wiki moja Zermatt unapiga lenta nyumba nzima Kibaha. Barafu si mambo yetu.

Binti Eldoret
Si mambo yetu kivipi? Philip Boit ametoka kwetu Kenya, Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10 za skii kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, na Mnorwe Bjørn Dæhlie aliyechukua dhahabu akamngoja mstarini amkumbatie. Sabrina Simader akaiwakilisha Kenya Pyeongchang 2018. Usituongelee sote.

Mkombozi77
Hao wanamichezo. Mimi naongelea mama mwenye watoto wawili na kodi ya nyumba Basel.

Binti Eldoret
Na huyo mama ndiye aliyeuliza njia. Kama hujafika, pisha waliofika.

Bibi wa Maskati
Mwanangu Mama Imani, sie huku theluji yetu ni ile ya Dubai, ndani ya jengo la maduka, iliyofunguliwa 2005. Njia ndefu kuliko zote pale ni mita 400. Wajukuu zangu walichezea hapo, walipokwenda Grindelwald kwa mama yao mdogo wakadhani wanajua. Siku ya kwanza wakamkataa mwalimu, wakaanguka mpaka wakalia. Siku ya pili wakapelekwa Bodmi, uwanja wa wanaoanza hapo hapo kijijini, wakafundishwa, na Ijumaa wanashuka wenyewe huku mama yao anapiga vigelegele. Lipia mwalimu. Usimwachie baba yao awafundishe, watagombana.

Papa Jolie, Lausanne
Mama anasema kweli. Mwalimu kwanza.

Mtoto wa Temeke
Mimi skii sitelezi, nilikwenda Grindelwald kwa ajili ya sleji, kile kibao unachokalia na kuteleza nacho. Ile njia ya kutoka mlima wa Faulhorn ni kilomita 15, na kushuka ni raha ambayo sijui niieleze vipi. Lakini kebo inakuishia kituo kinachoitwa First. Kutoka hapo ni saa mbili na nusu kwa miguu, unavuta sleji yako. Kwa mtoto wa miaka 6 hapana. Zipo njia fupi, uliza hapo kituoni.

Baba Lulu
Nilikuwa nasoma tu, ila hili lazima niandike. Machi mwaka juzi, Zermatt. Lulu ana miaka 7, nikamwacha shule ya skii, kumchukua saa tisa na nusu. Mimi na shemeji tukasema tushuke upande wa pili, Cervinia, Italia. Tiketi ya pande zote mbili ipo, na chakula kule nafuu. Tukala vizuri. Saa nane kasoro tunarudi kwenye kebo, tunakuta watu wamesimama. Upepo umechachamaa juu, kebo zimefungwa. Tukangoja. Saa nane na nusu tukaambiwa leo basi.

Ndugu zangu, ukiinua macho mlima ni ule ule, Zermatt iko nyuma yake tu. Kwa barabara ni kuzunguka: unashuka mpaka bonde la Aosta, unapita handaki la Grand-Saint-Bernard, unatokea Martigny, unafuata bonde la Rhône mpaka Visp, halafu upande tena mpaka Täsch, na hapo gari mwisho, ni treni. Tuna buti za skii miguuni, viatu viko hotelini. Kibali cha kuishi kiko hotelini. Simu asilimia 9. Mke wangu yuko zamu Bern. Tukachangia teksi na watu wawili tusiowajua, kila mmoja faranga 180. Ndani ya lile handaki nilitetemeka, na baridi haikuwepo. Nilikuwa namuona mtoto anawatazama wenzake wakichukuliwa mmoja mmoja.

Zermatt nendeni. Lakini mwenye mtoto shuleni asivuke mpaka.

Kisauni Original
Na Lulu je???

Binti Eldoret
Baba Lulu huwezi kutuacha hapo.

Papa Jolie, Lausanne
Wakati tunangoja: upande wa Italia, tangu 2022 sheria inataka uwe na bima ya kumlipa mtu utakayemgonga. Na namba za uokoaji wekeni kwenye simu. Zermatt ni jimbo la Valais, piga 144. Grindelwald, helikopta ni 1414.

Mkombozi77
Mtoto alikuwa wapi?

Baba Lulu
Samahanini, nilikuwa njiani. Mwalimu alikaa naye, kisha mama mwenye nyumba tuliyofikia akaja kumchukua. Nilifika saa tatu usiku. Nikamkuta amelala kwenye kochi, amevaa buti za skii. Alikataa kuzivua, akasema baba akija tunaondoka.

Bibi wa Maskati
Masikini mtoto. Alhamdulillah.

Mama Imani, Basel
Nimemsomea Baba Imani yote. Amekubali Grindelwald, ila anataka siku moja akauone ule mlima. Mchagga, treni ya kutoka Zermatt kwenda Gornergrat inafika mita 3,089. Hapo kwa watoto vipi?

Mchagga wa Bern
Hapo sawa. Wanywe maji, msikae juu zaidi ya saa moja. Yeyote akisema kichwa, msibishane naye, shukeni na treni inayofuata.