Nyumba ya urithi Chikongola imeliwa na mchwa, tuiuze hivyo hivyo?

Mwana_Chikongola: Wakuu habari za mchana. Marehemu mama alituachia nyumba ya vyumba vinne hapa Mtwara mjini, ndugu wote tumekubaliana tuuze, shida ni mchwa. Fremu za milango miwili ukichoma na bisibisi inazama mpaka kwenye mpini na huku kwa nje rangi nzima kabisa, halafu kuna njia za udongo zimetoka kwenye msingi zimepanda mpaka darini, fundi aliyepanda juu anasema kenchi (mbao zinazobeba bati) za upande wa jikoni zimekwisha. Sasa dalali anasema tuzibe, tupige rangi na silingibodi mpya tuwahi hela za korosho, minada ikianza watu watakuwa na pesa. Mi roho inagoma kabisa, ila kutengeneza yote hatuna uwezo. Mnanishaurije?

fundi kenchi: Pole na msiba ndugu yangu. Hapo jikoni asipande mtu tena. Bomoa kipande cha ile njia ya udongo halafu ukacheki baada ya siku mbili tatu, wakiziba ujue bado wapo, wasipoziba usishangilie maana wanaweza kuwa wamepitia kwingine. Dawa ya kupuliza ukutani inaua hao unaowaona tu, kiota kipo chini na malkia anaendelea kutaga, inabidi mtaro uchimbwe kuzunguka msingi na sakafu itobolewe pembeni mwa kuta ndo dawa imwagwe huko. Na kama kuna bomba linavuja zibeni leo leo, mchwa wanapenda unyevu balaa.

Mama Wawili, Lindi: Mwanangu usimsikilize huyo dalali. Sisi tulinunua nyumba hapa Lindi rangi inanukia upya, masika ya kwanza tu dari la chumba cha watoto likashuka, bahati walikuwa shule. Aliyetuuzia simu hapokei mpaka leo. Kinachoniuma angetuambia tungenunua tu, tulichopenda ni kiwanja na jirani zake, tungepunguziwa bei tukaezeka upya kwa amani.

Msomaji wa sheria: Naongezea kwa Mama hapo. Kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345, kuficha makusudi kitu unachokijua ili mtu aingie mkataba ni udanganyifu, na mnunuzi anaweza kuomba mkataba uvunjwe. Dalali atakuwa keshachukua chake, kesi mtabaki nayo nyie. Andikeni kwenye mkataba kabisa kwamba mnunuzi ameonyeshwa mchwa na kenchi mbovu, asaini mbele ya mashahidi. Halafu msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama? Kukubaliana ndugu peke yake hakutoshi.

Mwana_Chikongola: Asanteni sana, Mama umenigusa. Usimamizi anao dada yetu mkubwa, barua ya mahakama ipo. Nimeongea nao jioni hii, tutatangaza kama kiwanja chenye nyumba ya kuezeka upya na picha za fremu tunaweka. Fundi, kaka yangu anataka tuvue bati tuziuze pembeni, inafaa?

fundi kenchi: Kuta za nini?

Mwana_Chikongola: Tofali za udongo, plasta nje tu.

fundi kenchi: Basi msivue. Mvua ikizipiga hizo kuta hamtakuwa na nyumba ya kuonyesha mtu. Wekeni nguzo za muda jikoni, mlango wa huko mfunge, mteja aangalie kwa nje.